Anachoandika Mwalimu wa Awali Watoto Wakicheza

Malalamiko yanayosikika katika vikao vya wazazi wa darasa la awali hufanana sana kata kwa kata. Mtoto ameanza shule mwezi Januari. Sasa ni Machi, na daftari lake lina kurasa chache za michoro ambayo mzazi haielewi. Hamna alama ya vema wala ya kosa. Hamna jaribio, hamna wastani, hamna nafasi. Mzazi aliyepita shuleni saa nne asubuhi amewakuta watoto chini ya mwembe wakicheza mdako, na mwalimu ameketi kando yao na daftari dogo mkononi, akiandika maneno machache na kuwatazama tena. Jirani, ambaye mwanawe anasoma katika shule ya kulipia, ana karatasi ya matokeo yenye mhuri: mtoto ameshika nafasi ya 4 kati ya 31. Mzazi anayerudi nyumbani akijiuliza ni nini hasa kinachofundishwa pale chini ya mwembe, na mwalimu atajuaje kama mtoto ameelewa, anauliza swali la haki. Anastahili jibu lililo kamili kuliko lile la kila siku kwamba watoto hujifunza kwa michezo.

Jibu limo katika lile daftari dogo. Kinachofanyika pale huitwa upimaji usio rasmi. Mwalimu humtazama mtoto akifanya jambo, humsikiliza, humuuliza swali moja au mawili, huandika alichokiona, kisha hutumia alichokiandika kuamua somo la kesho litaanzia wapi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba uzito wote. Daftari likijaa na somo la kesho likabaki lile lile lililopangwa tangu kufunguliwa kwa shule, hakuna upimaji uliofanyika. Kumefanyika uandishi tu.

Punje saba za mahindi

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa hesabu, kwa kuwa katika hesabu mzazi na mwalimu hutofautiana bila kujua kwamba wanatofautiana. Baba anasema mwanawe anajua kuhesabu. Anamwita mbele ya wageni, na mtoto anataja kuanzia moja hadi ishirini bila kukwama. Wageni wanapiga makofi. Siku ya pili mwalimu anamwekea mtoto huyo huyo rundo la punje za mahindi na kumwambia, "Nipe punje saba." Mtoto anachota konzi moja na kumkabidhi.

Baba hakudanganya, wala mtoto hakusahau usiku mmoja. Kutaja majina ya namba kwa mpangilio ni jambo moja; kujua kwamba jina la mwisho lililotajwa ndilo linaloeleza idadi ya vitu vyote ni jambo jingine, na hulifuata lile la kwanza kwa miezi mingi. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walilichambua suala hili katika kitabu chao cha mwaka 1978 kuhusu namna mtoto anavyoielewa namba. Walieleza kanuni zinazokaa ndani ya kitendo tunachokiita kwa wepesi "kuhesabu": majina yafuate mpangilio usiobadilika, kila kitu kipewe jina moja tu, na jina la mwisho libebe jumla. Kwa mtu mzima hayo yote yamekwisha kuwa kitu kimoja. Kwa mtoto wa miaka mitano, kila moja lina siku yake ya kufika.

Kwa hiyo mwalimu anayejua kutazama haandiki "hajui kuhesabu". Anaandika hivi: "Amehesabu punje kwa kuzigusa. Ameruka moja, nyingine ameigusa mara mbili. Alipoulizwa ziko ngapi, alianza kuhesabu upya." Sentensi hizo tatu zina thamani kuliko alama 40 kwa 100. Ya pili inaonesha kwamba mkono na ulimi bado haviendi pamoja. Tiba yake ni kumpa mtoto vitu vya kusogeza, kimoja kimoja, kutoka upande huu kwenda upande ule, ili kilichokwisha hesabiwa kitengane na kilichobaki. Ya tatu inaonesha jambo zito zaidi. Mtoto anayeulizwa "ziko ngapi" na kuanza upya amelichukua swali kama ombi la kurudia wimbo. Hajajua kwamba jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Mtoto wa namna hii akipewa kesho yake somo la kujumlisha, atajumlisha nini?

Hapo ndipo andalio la somo linapobadilika. Huenda azimio la kazi la juma hilo linasema watoto waandike tarakimu 8 na 9. Mwalimu aliyetazama kundi lake Jumatatu na Jumanne anajua kwamba watoto kadhaa wanaweza kuendelea, wengine wanahitaji kubaki kwenye vitu visivyozidi vitano, na wachache hawajapata hata kanuni ya kugusa kimoja na kutaja kimoja. Jumatano kundi la kwanza linaandika tarakimu mchangani, la pili linacheza duka kwa vizibo vya soda ("Niuzie maandazi matatu," na muuzaji anahesabu), na la tatu linakaa na mwalimu mwenyewe likihamisha maharage kutoka kifuu kimoja hadi kingine. Mpita njia ataona kelele na vurugu. Kwa kweli watoto wote wanasoma somo moja, kila mmoja kuanzia mahali alipo.

Karatasi ya jaribio ingeyaficha haya yote. "Andika namba 1 hadi 10" hupima mkono na kumbukumbu, na mtoto mwenye macho makali ya kunakili kwa jirani hupata vema kumi. Wazazi hufurahi. Pengo hukaa kimya hadi Darasa la Pili, ambapo kutoa kwa kukopa humfichua mtoto mbele ya wenzake wote, na wakati huo hakuna tena anayekumbuka kwamba tatizo lilianzia kwenye punje saba.

Na mdako je? Katika mchezo huo kijiwe kimoja hurushwa juu. Kikiwa hewani, mchezaji huvichota vijiwe vilivyomo kishimoni, hukidaka kilichorushwa, kisha hurusha tena na kuvirudisha vyote isipokuwa kimoja. Mzunguko ufuatao huacha viwili, kisha vitatu. Anayecheza hana budi kuona idadi kwa jicho na kuitenga kwa vidole kabla kijiwe hakijaanguka. Mwalimu aliyeketi kando anaona nani hutenga vitatu bila kuhesabu, nani huchota ovyo, nani vidole vyake bado ni vizito na kwa hiyo penseli itamshinda kwa muda, nani hukubali kushindwa na nani hupigana. Mambo manne ya upimaji yamo katika kishimo kimoja, na mtoto hajui kwamba anapimwa. Hilo la mwisho si dogo. Mtoto wa miaka mitano anayejua kwamba anapimwa huogopa, na akiogopa huonesha pungufu ya anachokiweza.

Kadi ya kliniki

Wazazi wengi tayari wanakifahamu kipimo cha aina hii, ingawa wamekutana nacho mahali pengine. Mama aliyekuwa akimpeleka mtoto kliniki kila mwezi anaijua kadi yenye mstari wa uzito. Muuguzi humpima mtoto, huweka nukta, huiunganisha na nukta ya mwezi uliopita, kisha hutazama mstari unaelekea wapi. Hakuna mama aliyewahi kuuliza mwanawe ameshika nafasi ya ngapi katika mzani siku ile. Mstari ukipanda, muuguzi husema endelea. Ukilala au kushuka, huuliza maswali: anakula nini, aliharisha lini, ananyonya bado? Na ushauri hubadilika siku hiyo hiyo.

Daftari la mwalimu wa awali linafanya kazi ile ile. Mtoto hulinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Mstari ukilala, maswali huulizwa, na somo hubadilika.

Ndiyo sababu elimu ya awali nchini haina mtihani wa kupanda darasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliweka msimamo kwamba elimu hiyo iwe ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, uligusa mahusiano, mawasiliano, afya, mazingira, sanaa na michezo pamoja na hisabati za mwanzo. Na mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024. Mambo kama kuhusiana na wenzake au kunawa mikono bila kukumbushwa hayapimiki kwa kalamu na karatasi. Mtu lazima awepo, atazame.

Karamu na kalamu

Eneo ambalo upimaji wa haraka huwaonea watoto kuliko yote ni lugha. Katika kata za pembezoni wapo watoto wengi wanaoingia darasa la awali wakiwa hawajawahi kuzungumza Kiswahili nyumbani. Mtoto wa namna hiyo hukaa kimya majuma mengi. Akiulizwa "Hii ni nini?" hatazami kitu, hutazama uso wa mwalimu. Kwenye karatasi ya matokeo atapata sifuri, na sifuri haisemi kama mtoto hajui kitu au hajui jina la kitu kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye daftari atamjaribu kwa njia isiyohitaji maneno: ampe vijiti virefu na vifupi avipange, amwombe kwa ishara alete vizibo vinne, amtazame akicheza na wenzake wanaozungumza lugha yake. Mara nyingi "bubu" wa darasani ndiye msemaji mkuu uwanjani. Akishaligundua hilo, mwalimu humkalisha mtoto karibu na mwenzake anayezijua lugha zote mbili, na somo la lugha la juma hilo huanza na majina ya vitu ambavyo mtoto anavijua tayari kwa lugha ya mama.

Sauti nazo zina mitego. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi r na l, kwa hiyo mtoto anaweza kuinua penseli yake na kuiita "karamu" kwa furaha tele, kama vile amealikwa harusini. Kumkosoa papo hapo mbele ya darasa kunamfunga mdomo. Mwalimu huandika: "r na l zinachanganyika; anasikia tofauti?" Kisha kwa siku chache huwa na mchezo wa kusikiliza: mwalimu anataja maneno mawili, watoto wanasimama wakisikia yametofautiana na kukaa wakisikia yamefanana. Anayesikia tofauti ila hawezi kuitamka yuko njiani. Asiyeisikia bado anahitaji masikio yafunzwe kabla ya ulimi.

Vivyo hivyo kwa silabi, ambazo katika Kiswahili ndizo mlango wa kusomea. Mtoto anayepiga makofi matatu kwa neno "ki-ta-bu" na mawili kwa "ma-ma" amekwisha kulikata neno vipande, na ba-be-bi-bo-bu haitamsumbua. Anayepiga kofi moja kwa neno zima, au kupiga makofi bila mpango, akiharakishwa ubaoni atakariri tu. Kipimo hiki hakihitaji hata kipande cha chaki, na mwalimu anaweza kukifanya watoto wakiwa foleni wakingojea uji.

Kipimo kingine kinatokana na kazi ya Marie Clay, mtafiti wa New Zealand aliyejenga utaratibu wa kuwatazama watoto wadogo wanaoanza kusoma. Mpe mtoto kitabu kikiwa juu chini na utazame anakifanyaje. Anakigeuza? Anafungulia upande gani? Anapoulizwa pa kuanzia kusoma, anaonesha picha au maandishi? Katika kaya isiyo na kitabu hata kimoja, mtoto anayekishika kitabu juu chini si mzito wa akili. Ni mara yake ya kwanza kukishika. Na hapa kwetu kuna jambo la kuzingatia: mtoto aliyetangulia kusoma madrasa anaweza kufungulia kitabu upande wa kulia, kwa kuwa maandishi ya Kiarabu huanzia huko. Kwa mwalimu asiye na habari, hilo ni kosa. Kwa mwalimu aliyeuliza, ni ushahidi kwamba mtoto huyo anajua mengi kuhusu kitabu kuliko wenzake wengi. Anachohitaji ni kuoneshwa tu kwamba maandishi haya yanaelekea upande mwingine.

Kuna pia mtoto asiyeitika. Huitwa mara mbili, mara tatu, hageuki. Ataitwa mkaidi kabla ya mwezi kwisha. Daftari linaweza kuwa na mistari mitatu ya tarehe tofauti: "Hakuitika akiwa nyuma." "Aliitika nilipokuwa mbele yake." "Hugeuza kichwa upande mmoja anaposikiliza." Mistari hiyo haijathibitisha ugonjwa wowote, kwani mwalimu si tabibu, lakini inatosha kumwita mzazi na kumshauri ampeleke mtoto zahanati akaangaliwe masikio. Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu hupunguza usikivu, na wapo wazazi wanaolichukulia kama jambo la utotoni litakaloisha lenyewe. Wakati matibabu yanaendelea, mtoto huhamishiwa mstari wa mbele. Hiyo nayo ni sehemu ya mpango wa somo.

Pale kazi inapokuwa ngumu

Ingekuwa si haki kuyaeleza haya kana kwamba ni mepesi. Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na kila mkazi aliyewahi kuchungulia darasani anajua kwamba madarasa mengi yamepita hapo kwa mbali. Mwalimu mwenye watoto 72 hawezi kumtazama kila mmoja kila siku, na asiyekiri hilo huishia kujaza daftari Ijumaa jioni kutoka kichwani. Njia inayowezekana ni kuchagua watoto sita kwa siku. Siku hiyo mwalimu anawafundisha wote, ila jicho lake linarudi kwa wale sita. Kwa watoto 72 mzunguko mmoja huchukua siku 12 za masomo, yaani majuma mawili na nusu hivi, na kila mtoto hupata ukurasa wake wenye tarehe. Hakuna anayesahaulika kwa sababu tu ni mpole.

Suala la mpole ni zito kuliko linavyoonekana. Mwalimu akiachwa bila utaratibu, jicho lake hufuata wenye kelele na wenye majibu. Mtoto anayekaa katikati, asiyelia wala kuinua mkono, anaweza kumaliza mwaka mzima bila mstari hata mmoja juu yake.

Hatari nyingine ni ya maneno. "Mvivu", "mzito", "mtundu", "mwerevu" hayana nafasi katika daftari hili, hata yale yanayosifu. Hayamwambii mwalimu afanye nini kesho asubuhi. "Ameacha kuchora baada ya muda mfupi, akasinzia" linamwambia aulize kama mtoto huyo hula chochote kabla ya kutoka nyumbani na anatembea umbali gani. "Mvivu" linafunga mlango wa kuuliza. Tena maneno haya hutoka daftarini: mzazi huyasikia, kaka zake huyasikia, na mtoto huingia nayo Darasa la Kwanza kama jina la ukoo.

Ipo pia orodha hakiki iliyojazwa kwa ajili ya mgeni. Wathibiti ubora wa shule wanapotarajiwa, si ajabu kukuta karatasi safi kabisa yenye vema kwa kila mtoto katika kila kipengele, zote kwa wino mmoja na kwa mwandiko usiochoka. Karatasi chafu yenye madoa ya uji, tarehe tofauti na maswali yasiyojibiwa ni ya kuaminika zaidi. Mzazi anayeijua tofauti hiyo ana uwezo wa kuisaidia shule yake kuliko anayedai karatasi yenye mhuri.

Gharama ya kutotazama mapema inajulikana nchini. Tangu mwaka 2010 tafiti za Uwezo zilipita nyumba kwa nyumba zikiwapima watoto kwa maswali ya kiwango cha Darasa la Pili, na zilikuta wengi wa madarasa ya juu yake wasioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango hicho wala kufanya hesabu zake. Watoto hao walikuwa wamefanya majaribio mengi tu darasani. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulielekezwa upya kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mtaala ulioandikwa vizuri bado unamhitaji mtu anayejua ni mtoto yupi, asubuhi hii, anayeanza kuachwa.

Kinachomhusu mzazi

Mtoto wa awali hukaa shuleni saa chache tu kwa siku. Muda uliobaki yuko nyumbani, shambani, kisimani, dukani, na huko huonesha mambo ambayo mwalimu hatayaona kamwe. Kwa hiyo habari zinatakiwa ziende pande zote mbili, na si lazima zisubiri kikao. Mtoto aliyeugua malaria majuma mawili, aliyehamia kwa bibi, aliyepata mdogo wake, anayelala chini ya mita chache kutoka kwenye baa yenye muziki hadi usiku wa manane: kila moja ya habari hizi inaweza kueleza mstari uliolala katika daftari la mwalimu. Mzazi asipoisema, mwalimu atatafuta sababu mahali pasipo na sababu.

Swali la kuuliza nalo linaweza kubadilika. "Amekuwa wa ngapi?" halina jibu katika darasa la awali. "Sasa hivi anaweza nini ambacho mwezi uliopita hakukiweza, na juma hili unamfundisha nini kwa sababu hiyo?" ni swali ambalo mwalimu aliyefanya kazi yake atalijibu huku akifungua ukurasa. Asiyeifanya atatafuta maneno, na mzazi ataelewa. Ukurasa wa mtoto si siri kwa mzazi wake, ingawa kurasa za watoto wa wenzake ni siri, na si vyema kuomba kuzilinganisha. Wakati mzuri wa kufika ni baada ya watoto wa awali kuruhusiwa, kwa kuwa kabla ya hapo mwalimu hawezi kuwaacha. Penye tatizo lisilotatuliwa kati ya mzazi na mwalimu, pa kwenda ni kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata.

Wasiojua kusoma nao wana cha kuleta. Katika darasa moja la awali alikuwapo mtoto aliyeshindwa kila zoezi la kuhesabu kwa majuma matano. Daftari lilionesha hivyo kwa tarehe tano tofauti, na mwalimu alikuwa amekwisha badilisha vifaa mara tatu, kutoka vizibo hadi vijiti hadi mbegu za mkwaju. Bibi yake alifika shuleni kwa shughuli nyingine, ya sare, akaelezwa. Alishangaa. Mtoto huyo, alisema, ndiye anayefunga kuku kila jioni, na wakipungua hulala asiyelala hadi wapatikane. Juzi alirudi gizani kumtafuta mmoja aliyebaki kwenye matuta ya viazi.

Asubuhi iliyofuata mwalimu alichora boma mchangani, akamkabidhi mtoto mawe tisa na kumwambia hawa ni kuku, wafunge. Wakati mtoto ametazama pembeni, alificha jiwe moja chini ya kanga yake. Mtoto aliyatazama mawe, akainua kichwa, akaanza kutafuta. Katika daftari, chini ya tarehe ya siku ile, uliandikwa mstari mmoja kuhusu idadi na mwingine wa kazi ya kesho: majina ya namba, moja hadi tisa, kwa kuku.